Plagi gani ufunge kwenye nyaya za redio, na wapi kweli inabadili sauti

Swali linalorudi kila mara ni hili, nikitoa plagi za kawaida nikaweka za dhahabu mziki utakuwa mtamu zaidi? Jibu fupi hapana. Jibu refu ndo hili hapa chini, maana plagi haiongezi kitu kwenye sauti, kazi yake ni kupitisha kilichopo bila kukiharibu, ila ikiamua kuharibu inaharibu kweli kweli na wewe utakaa wiki nzima unalaumu spika au ampli kumbe mchawi ni kipande cha bati kilicholegea huko nyuma.

Cha kwanza kabisa, kabla hujanunua chochote, geuza ampli uangalie nyaya zake. Kuna makundi mawili na hayafanani hata kidogo.

Kundi la kwanza ni nyaya zinazoingiza sauti, zile zinazotoka kwenye tivii, simu, deki ya CD na kadhalika. Humo mkondo wa umeme ni mdogo mno. Ampli nyingi upande wa kuingizia zina ukinzani wa kuanzia ohm 10,000 mpaka 47,000, wakati plagi iliyo sawa ina chini ya ohm 0.1. Chukulia pini imekuwa mbovu imefika ohm 10 nzima, kwenye ampli ya ohm 47,000 sauti inashuka kwa kama sehemu mbili ya elfu moja ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), hamna sikio la binadamu linaloweza kuipata hiyo. Kwahiyo mtu akikuambia amebadili pini akasikia besi imeshiba zaidi, mwache tu, ila usimfuate dukani.

Kundi la pili ni nyaya za kwenda kwenye spika. Huku mkondo ni mkubwa, ampea kadhaa, na spika yenyewe ina ohm 4 au 8 tu. Hapa ohm moja ya kutu ni kitu kikubwa na nitairudia mbele. Kama una bajeti ndogo na unataka kujua uanzie wapi, anzia huku.

RCA: kinachoharibu sio pini, ni pete

RCA ndo zile nyekundu na nyeupe, wengi wanaziita nyaya za AV. Jina limetoka kampuni ya Radio Corporation of America, walizitoa miaka ya 1930 kuunganisha kinanda cha santuri na redio, na hazikuundwa zichomekwe na kuchomolewa kila siku. Udhaifu wake mpaka leo ndo huo.

Ina pini ya katikati na pete ya nje. Kila mtu anakodolea macho pini ila pete ndo inatakiwa uichunge, na sababu yake ni rahisi ukiielewa. Pete ni njia ya kurudi ya mawimbi ya mziki, lakini hapo hapo ni njia ya vile vimkondo vidogo vinavyovuja kwenye tranfoma na pawasaplai za vifaa vyako, vinapita kutoka kifaa kimoja kwenda kingine kupitia wavu wa nje wa waya. Mkondo ukipita kwenye ukinzani unazaa volti, na volti hiyo inajumlishwa kwenye mziki wako, ampli haijui kutofautisha.

Tupige hesabu. Tuseme kinachovuja ni maikroampea 100. Pete imekaza vizuri, jumla na waya wake ni ohm 0.1, unapata mngurumo wa maikrovolti 10. Deki ya CD ikiwa juu kabisa inatoa volti 2, maana yake mngurumo uko desibeli 106 chini ya mziki, hausikiki. Sasa pete ileile imelegea, imepata weusi, imefika ohm 10. Mngurumo unakuwa milivolti 1, umepanda mpaka desibeli 66 chini, na usiku nyumba ikiwa kimya utausikia unavuma kwenye spika kabla hata hujabonyeza kitu. Waya ni uleule, pini ni ileile na dhahabu yake yote, kilichobadilika ni pete kukaza au kutokaza.

Kwahiyo unapochagua RCA chomeka kwenye soketi yako mwenyewe kama unaweza, alafu izungushe kwa vidole viwili. Inatakiwa igome kidogo alafu izunguke, bila kucheza cheza pembeni. Ikizunguka kama kofia ya chupa iliyofunguliwa, hiyo rudisha. Ila pia kuna zinazokaza kupita kiasi, zile nene za chuma kizito, ukivuta inataka kuja na soketi yenyewe kutoka kwenye bodi ya ampli, hizo nazikwepa japo zinapendeza kwenye picha. Ambazo pete yake imechanwa vipande vinne hivi ndo bora kwa matumizi ya nyumbani maana chuma kinajipinda chenyewe kufuata soketi.

Na ambazo zimelegea usitupe. Chomoa, shika pete kwa plaizi, minya kidogo sana, jaribu, minya tena. Ukiminya kwa nguvu inakuwa yai na haiingii tena. Hii kazi ya dakika moja imeshatibu mingurumo mingi kuliko plagi zote za dhahabu nilizowahi kuziona.

Kitu kingine cha RCA, pini inagusa kabla ya pete. Ndo maana ukichomeka ampli ikiwa inawaka unasikia ule mlio mkali wa BZZZZ, kwa sekunde hiyo ampli inapokea mawimbi bila njia ya kurudi. Mlio huo una uwezo wa kuua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Zima ampli kwanza, ukishindwa kuzima basi shusha volyumu mpaka sifuri.

Dhahabu ina kazi yake lakini

Sio kwamba dhahabu ni utapeli. Ni kwamba inauzwa kwa sababu isiyo yake. Kwa kupitisha umeme fedha ndo ya kwanza, shaba ya pili, dhahabu inakuja ya tatu, kwahiyo hoja ya kwamba inapitisha vizuri zaidi haipo. Faida yake ni kwamba haishiki kutu. Nikeli ni ngumu na inavumilia kuchomekwa sana, ila baada ya miaka inaweza kujenga utando. Fedha inapitisha vizuri lakini inageuka nyeusi. Kama unakaa sehemu ya unyevu au upepo wa chumvi, na nyaya zako ukishachomeka hazichomolewi hata miaka mitano, hapo dhahabu inakulipa. Kama ni waya unaochomeka na kuchomoa kila siku, utando wa dhahabu ni mwembamba mno, utakwanguka na utabaki na kilichokuwa chini yake.

Alafu angalia soketi. Dhahabu juu ya dhahabu ni sawa, nikeli juu ya nikeli ni sawa, lakini dhahabu kwenye soketi ya bati inaweza kuharakisha kutu kwenye bati kwa sababu ni metali mbili zisizoelewana. Kama ampli yako ni ya zamani na soketi zake ni za bati, plagi ya kawaida ni chaguo zuri tu.

Upande wa spika, hapa sasa sikiliza vizuri

Spika ya ohm 8. Maungio yako yana ohm 0.1, unapoteza desibeli 0.1, husikii. Maungio yameoza yamefika ohm 1, unapoteza kama desibeli 1, na hapo ndo mambo yanapoanza kwa sababu spika inayoandikwa ohm 8 haikai ohm 8 muda wote, inapanda na kushuka kufuatana na sauti inayopiga, mahali fulani inaweza kuwa 5 na mahali pengine 30. Penye 5 utapoteza desibeli 1.6, penye 30 utapoteza 0.3 tu. Yaani sio kwamba sauti imeshuka yote sawasawa ukaongeza volyumu mambo yakaisha, hapana, umbo la mziki limebadilika, sauti fulani zimerudi nyuma na nyingine zimebaki mbele. Hii unaisikia. Na ukifungulia sana, ampea 3 zikipita kwenye ohm 1 ni wati 9 za joto zinachemka kwenye skrubu yako, gusa (ampli ikiwa imezimwa) utasikia uvuguvugu.

Machaguo ni matatu. Waya mtupu uliokazwa vizuri kwenye skrubu ndo mguso bora kabisa siku ya kwanza, hamna kitu katikati, shaba kwa chuma. Shida ni siku ya mia tatu, shaba iliyo wazi inageuka kahawia alafu kijani. Ukitumia njia hii kila mwaka kata sentimita moja au mbili, menya upya, sokota, kaza. Na chunga unyuzi mmoja usitoroke ukagusa upande wa pili, unyuzi mmoja tu wa shaba unatosha kuunguza ampli isiyo na ulinzi.

Plagi za banana ndo nazipendekeza kwa watu wengi. Ni za milimita 4, zinaingia moja kwa moja, hamna unyuzi wa kutoroka, na ukihamisha ampli unachomoa kwa sekunde. Chagua ambazo mwili wake una springi zilizotuna, sio zile za kijiti kilichopasuliwa katikati ambazo zikikaa zinabanana na kulegea. Ndani waya ukazwe na skrubu mbili ikiwezekana. Alafu, na hili watu wanalisahau, baada ya wiki mbili rudi ukaze skrubu tena maana shaba laini inajilaza ikibanwa na kinachobaki ni nafasi.

Zile za umbo la uma zinakaza vizuri kuliko banana kama kituo cha spika kina skrubu kubwa, lakini zikilegea zinadondoka kabisa na zinaweza kugusana. Sina ugomvi nazo, ila nyumba yenye watoto wanaovuta nyaya hapana.

Ukimaliza kufunga hakikisha nyekundu imeenda nyekundu kwenye spika ZOTE mbili. Ukigeuza moja, spika moja inasukuma nje wakati nyingine inavuta ndani, besi inakufa na mwimbaji anakuwa kama yuko kila mahali na hayupo popote. Huna uhakika? Tenga waya kwenye ampli, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi, nusu sekunde tu. Koni ya besi ikitoka nje uko sawa, ikiingia ndani umegeuza.

Ile plagi ndogo ya milimita 3.5

Hii ya simu na hedifoni ndo inayoongoza kwa malalamiko, na ina dalili moja tamu sana ya kujifunza. Umechomeka, mziki unapiga lakini sauti ya mwimbaji imepotea au iko mbali kama yuko bafuni, vyombo vinasikika vizuri tu. Watu wanadhani ni faili bovu. Ukweli ni kwamba ule mguso wa eathi haujashika. Kushoto na kulia zikikosa njia ya kurudi zinarudi kupitia kwa mwenzake, unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia, na mwimbaji kwa kawaida amewekwa sawasawa pande zote mbili kwahiyo anajifuta mwenyewe. Sukuma plagi mpaka iingie yote. Kama inakataa kuingia yote, toa kava la simu, kama bado, mulika ndani ya tundu, mara nyingi kuna pamba ya mfukoni imeshindiliwa huko chini, itoe kwa kijiti cha mbao, sio sindano.

Hesabu pia mistari kwenye plagi. Mistari miwili ni stirio, mistari mitatu imeongezwa maiki. Ya mistari mitatu kwenye soketi ya stirio mara nyingi inafanya kazi, ila zipo soketi ambazo hazielewani nayo na utapata dalili ileile ya mwimbaji kupotea. Kama waya ni wa kwenda kwenye ampli tu nunua wa mistari miwili umalize.

Na acha kupachika adapta juu ya adapta. Kila adapta ni miguso mipya ya kulegea, na zito likining'inia kwenye tundu la milimita 3.5 linafanya kazi ya mtaimbo mpaka soketi ing'oke kwenye bodi. Tumia waya mmoja wenye 3.5 upande huu na RCA mbili upande ule.

XLR, inafaa lini

XLR ni ile ya pini tatu ya maikrofoni yenye kitufe cha kufungia. Pini 1 ni eathi, pini 2 inabeba mawimbi, pini 3 inabeba mawimbi yaleyale yaliyogeuzwa. Ampli inapiga hesabu ya kutoa, moja kwenye nyingine, kelele iliyoingia njiani kwa sababu imeingia sawa kwenye nyaya zote mbili inajifuta. Na zile hesabu za pete nilizopiga juu hapa hazikusumbui kwa sababu eathi haibebi mziki.

Inafaa kama waya ni mrefu, tuseme mita 5 na kuendelea, au una spika za studio zenye ampli ndani na kila moja imechomekwa soketi yake ya umeme. Kwa nusu mita kati ya deki na ampli zilizopandana kwenye shelfu moja, RCA nzuri inatosha. Chunga kitu kimoja, vifaa vingi vinatoa mawimbi yenye volti mara mbili kwenye XLR, ni desibeli 6 zaidi, na sikio letu likisikia kubwa zaidi linaona nzuri zaidi. Ukitaka kulinganisha kwa haki sawazisha volyumu kwanza, ndo uone kama bado unaisikia hiyo tofauti.

Kutoka XLR kwenda RCA usikate waya ukajitungia. Kuna vifaa vinataka pini 3 iunganishwe na eathi na kuna vingine ukifanya hivyo unavipiga shoti, maelezo yapo kwenye kitabu chake. Na soketi ya XLR moja usiilishe stirio ya simu, kushoto ikienda pini 2 na kulia pini 3 utapata uleule mchezo wa mwimbaji kupotea.

Ukitaka kufunga mwenyewe

Plagi nzuri iliyochomelewa vibaya ni mbaya kuliko plagi ya bei chee iliyochomelewa vizuri. Risasi ya 63/37 (bati asilimia 63, risasi 37) inayeyuka kwa nyuzi joto 183 za Selsiasi, chuma chako cha kuchomelea kiweke kama nyuzi 350, pasha plagi na waya kwa pamoja alafu risasi iguse kwenye plagi, sio kwenye ncha ya chuma. Ikimwagika ikang'aa na kulala juu ya waya ni sawa, ikijikunja kitone cha kijivu juu juu haijashika, rudia. Usikae zaidi ya sekunde 3 au 4 maana plastiki inayotenga pini na pete inayeyuka, pini inahama, na utapata shoti utakayoitafuta sana. Kile kishikio cha waya nyuma ya plagi kibane kwenye ganda la waya, sio kwenye nyuzi, hicho ndo kinapokea mvuto wote.

Kupima weka multimita kwenye mlio, pini kwa pini ilie, pete kwa pete ilie, pini kwa pete inyamaze. Alafu endelea kupima huku unaupinda pinda waya karibu na plagi, nyaya nyingi zinapita mtihani zikiwa zimelala na kufeli zikipindwa.

Na kama redio imeshaanza kukwaruza na hujui ni nini, badilisha kushoto na kulia nyuma ya deki. Kelele ikihamia spika nyingine tatizo liko kwenye deki. Ikibaki palepale, rudisha ulivyokuta, alafu badilisha upande wa ampli. Ikihama sasa ni waya au plagi, ikibaki palepale ni ampli au spika, na unaendelea kushuka hivyo hivyo bila kununua kitu.

Kusafisha ni spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi, vifaa vyote vimezimwa, acha ikauke. Msasa kwenye dhahabu marufuku.

Mngurumo mzito usioondoka hata baada ya kukaza na kusafisha, ule wa 50 au 60 Hz, huo unatokana na vifaa vyenye eathi tofauti na hamna plagi itakayoutibu. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja uone. Usikate pini ya eathi ya plagi ya ukutani, inaua mtu.

Kama mngurumo unakuja tivii ikiunganishwa tu, tumia waya wa mwanga (optical), ule Toshiba waliuleta mwaka 1983. Hauna metali kwahiyo hamna njia ya mkondo kuvuja, mngurumo unakatika hapo hapo. Kwenye nyaya za dijitali kama huu na HDMI plagi haibadili besi wala trebo, ikiwa mbovu utasikia sauti inakatika katika au haitoki kabisa, na dhahabu kwenye ncha ya waya wa mwanga ni pambo tupu. Waya wa mwanga unabeba stirio na Dolby Digital ya kawaida (sauti ya chaneli nyingi iliyobanwa), zile sauti za chaneli nyingi zisizobanwa zinataka HDMI yenye eARC, njia ya kurudisha sauti kutoka tivii kwenda ampli, pande zote mbili. Usiupinde kwa kona kali, na vile vikofia vidogo vya plastiki usivitupe, soketi isiyotumika irudishie kikofia chake maana vumbi likiingia mle ndani kulitoa ni shughuli.